Wavu wa Hewani

Msomaji, fikiri nyumba moja ya mawe yenye vyumba vinne vilivyopangwa mstari mmoja. Sebuleni, karibu na mlango wa mbele, waya wa intaneti huingia ukutani na kuishia katika kisanduku kiitwacho ruta. Ruta ya zamani imekufa. Mpya imeletwa, nzuri kwa sura na ghali kwa bei, na wenye nyumba wamefurahi. Walakini usiku ule ule mtoto wa kidato cha nne, ambaye meza yake ya kusomea imo katika chumba cha mwisho, afungua kompyuta na kuona kwamba hali ni ile ile ya jana. Kitabu anachokitafuta hakifunguki. Sebuleni watu wacheka na kutazama picha. Chumba cha mwisho kimo gizani, ingawa taa yawaka.

Watu wengi hudhani kuwa dawa ya jambo hili ni ruta yenye nguvu zaidi. Hilo ni kosa. Mawimbi ya redio hupungua kila yavukapo ukuta, na ukuta wa mawe au wa zege huyameza kuliko ukuta wa mbao. Tena mazungumzo ni ya watu wawili: hata kama ruta ingepaza sauti ikasikika chumba cha mwisho, simu ndogo iliyoko huko haina sauti kubwa ya kuijibu. Dawa yenyewe ni kuweka wajumbe njiani, mmoja apokee na kumpa mwenziwe. Vyombo vya kazi hiyo huuzwa siku hizi kwa jina la meshi, neno la Kiingereza lenye maana ya matundu ya wavu. Yafaa tujue wavu huo ulisukwa wapi na kwa sababu gani, maana asili yake haikuwa starehe ya nyumbani. Ilikuwa hofu ya vita.

Zamani habari ilisafiri kwa uzi mmoja. Katika mwaka wa 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kati ya Aden na Unguja, na katika mwaka wa 1890 waya mwingine ukaiunganisha Unguja na Mombasa. Lakini uzi ni uzi. Ukikatika mahali pamoja, pande zote mbili huwa bubu. Simu za kusema zilipoenea, nyuzi za mji zilikutanishwa katika nyumba moja kuu, mfano wa miale ya nyota. Hapo kukatika kwa uzi mmoja hakukuwadhuru wengine, bali nyumba kuu ikianguka, mji mzima ulinyamaza.

Hofu hiyo ilimkaa moyoni Paul Baran. Mtu huyu alizaliwa mwaka wa 1926 katika mji wa Grodno, ambao wakati ule ulikuwa wa Poland, akachukuliwa na wazazi wake kwenda Marekani angali mtoto mdogo. Alipokuwa akifanya kazi katika shirika la utafiti la RAND huko California, Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zikitishana kwa mabomu ya nyuklia. Baran alijiuliza: mabomu yakiziangusha nyumba kuu za simu, mkuu wa nchi atanenaje na watu wake? Aogopaye kuwa atafanywa bubu huweza kushambulia kwanza kwa hofu tu. Kwa hiyo udhaifu wa nyuzi za simu ulikuwa mlango wa vita.

Jawabu lake lilitolewa mwaka wa 1964 katika mfululizo wa maandiko 11. Alichora namna tatu za mtandao: nyota moja, nyota nyingi zilizofungamanishwa, na wavu mfano wa ule wa mvuvi. Katika wavu hapana fundo lililo mfalme. Kila fundo limeshikana na jirani zake, na uzi mmoja ukikatika, habari huzunguka kwa njia nyingine. Alionyesha kwa hesabu kwamba nyuzi zikiwa mara tatu au nne ya kadiri ya chini kabisa itoshayo kuunganisha vituo, wavu huweza kupoteza vituo vingi, na vilivyosalia vikaendelea kusemezana. Tena alitaka habari ikatwe vipande vidogo, kila kipande kibebe anwani yake na kutafuta njia yake. Donald Davies wa Uingereza, ambaye hakuijua kazi ya Baran, alifikia wazo lile lile katika mwaka wa 1965, naye ndiye aliyeviita vipande hivyo vifurushi, jina lililodumu mpaka leo. Wahandisi wa simu wa zama zile hawakumkubali Baran upesi, lakini tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta mbili za California zilipelekeana vifurushi kwa mara ya kwanza katika mtandao ulioitwa Arpanet.

Arpanet ilipita katika waya. Aliyeupeleka mtandao hewani alikuwa Norman Abramson wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Hawaii ni visiwa, na mwanachuo wa kisiwa kimoja hakuweza kuifikia kompyuta iliyo kisiwa kingine ila kwa simu za gharama kubwa. Katika mwaka wa 1971 Abramson na wenziwe walianza kutumia redio. Kwa kuwa vituo vyote vilisema katika masafa mamoja, ilitokea mara kwa mara viwili viseme pamoja na maneno yao yagongane. Walitunga adabu nyepesi: ukisema usijibiwe, ngoja muda wa kubahatisha, kisha sema tena. Mtandao huo uliitwa kwa neno la maamkizi la Hawaii, Aloha. Adabu ile, ikiongezewa sharti la kusikiliza kabla ya kusema, ndiyo ifuatwayo hata leo na simu zote zilizo katika nyumba yako.

Lakini Aloha ilikuwa nyota bado, kwa maana vituo vyote vilisema na kompyuta moja kuu. Wazo la wavu na wazo la redio yalioana katika miaka ya 1970, karibu na mji wa San Francisco. Huko zilijengwa redio zilizoweza kupokea kifurushi na kukipitisha kwa redio ya jirani, nyingine zikiwa juu ya vilima na nyingine katika magari. Tarehe 22 Novemba 1977 gari moja lilipeleka vifurushi likiwa njiani barabarani. Vikapita katika mtandao wa redio, katika Arpanet, na katika mtandao wa setilaiti, vikavuka Atlantiki na kurudi California vikiwa salama.

Yalibaki mambo mawili: ruhusa na bei. Katika mwaka wa 1985 serikali ya Marekani iliruhusu watu watumie, bila leseni, masafa kadhaa yaliyohesabiwa kuwa ya ovyo, yakiwamo yale ya gigahazi 2.4 ambayo hutumiwa na tanuri za maikrowevu. Katika mwaka wa 1997 wahandisi walikubaliana juu ya kanuni moja ya mawasiliano hayo, yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Katika mwaka wa 1999 kasi ikafika 11, na jina la waifai likazaliwa. Kanuni ya kuvifanya vituo vya waifai kuwa wavu ilitimia mwaka wa 2011, na kufikia mwaka wa 2016 vyombo vya meshi vya nyumbani vilikuwa vikiuzwa madukani. Kwetu sisi, waya mpya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009, na hapo ndipo nyumba za Kenya zilipoanza kupata intaneti ya kasi kwa wingi.

Sasa turudi katika nyumba yetu. Ukitaka kusuka wavu huo, kumbuka mambo manne. Kwanza, funga kituo cha awali kwa waya kwenye ruta mpya, kisha uzime waifai ya ruta yenyewe. Na kazi ya kugawa anwani kwa vyombo iachie kimoja tu, ama ruta ama kituo, maana wagawaji wawili huleta vurugu. Pili, usikiweke kituo cha pili katika chumba kilicho kiziwi. Mjumbe asiyesikia atapeleka nini? Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo sauti ya kwanza yasikika vizuri bado. Tatu, kila hatua ya hewani ina gharama. Chombo chenye redio moja hakiwezi kupokea na kupeleka kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Ndiyo sababu vyombo vingine vina redio ya pili kwa kazi ya kupitisha, na palipo na nafasi ya kuvuta waya, waya hushinda. Nne, ukiurudishia mtandao jina na neno la siri vya ruta iliyokufa, simu zote zitajiunga zenyewe. Lakini kama neno lile lilikwisha julikana kwa mtaa mzima, huu ndio wakati wa kulibadili.

Fanya hayo, na mtoto wa chumba cha mwisho atafungua kitabu chake. Hata hivyo usidanganyike. Wavu wa ndani hauongezi maji katika bomba la nje. Nyumba nzima yaning'inia katika uzi mmoja uingiao ukutani, na uzi huo ukikatika, vituo vyako vitatu vitasemezana vyenyewe kwa vyenyewe bila habari ya kupeana. Nchi nayo ni nyumba. Tarehe 12 Mei 2024 waya mbili za bahari zipitazo upande wa mashariki wa Afrika ziliharibika mbali nasi, karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya ikawa ya kusuasua. Haikuzimika kabisa, kwa sababu zilikuwapo waya nyingine za kuchukua mzigo. Siku ile fundisho la Baran la mwaka wa 1964 lilihakikishwa katika pwani yetu.

Basi, msomaji, utakapokiona kisanduku kidogo kikiwaka taa yake ukumbini, usikidharau kwa udogo wake. Nguvu yake haimo ndani yake. Imo kati yake na jirani zake. Hupokea kisichokuwa chake, hakikizuii, hukipitisha mpaka chumba cha mwisho. Nawe umepokea elimu kwa namna iyo hiyo. Yuko anayeingoja nyuma yako.