Mazoea ya Zamani katika Sarufi ya Kiingereza: Historia ya Njeo Iliyokosekana

Kiingereza hakikurithi umbo maalumu la kitenzi la kutajia mambo yaliyokuwa desturi zamani na ambayo sasa yamekoma. Njeo, yaani maumbo ya kitenzi yanayoonyesha wakati wa tendo, zilikuwa mbili tu katika Kiingereza cha Kale, lugha ya Waangli, Wasaksoni na Wajuti waliohamia Britania kuanzia karne ya 5, ambayo ilianza kugeuka kwa kasi baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Njeo moja ilihusu wakati uliopo pamoja na ujao, na nyingine ilihusu wakati uliopita, na hiyo ya pili ilibeba mzigo wote: tendo lililotokea mara moja likaisha, tendo lililokuwa likiendelea, na tendo lililorudiwa mwaka baada ya mwaka, yote yalisemwa kwa umbo lilelile, na msikilizaji akaachiwa muktadha na vielezi vya wakati vimwongoze. Namna wasemaji wa lugha hiyo walivyoliziba pengo hilo kwa karne nyingi, huku wataalamu wa sarufi wakiwa wameelekeza macho kwingine, ni sura ya historia ya Kiingereza inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyofanyiwa katika vitabu vya shule.

Umbo lenyewe la wakati uliopita liliundwa kwa njia mbili. Vitenzi vya kundi la kwanza vilibadili irabu ya ndani ya mzizi, kama “sing” kinavyokuwa “sang”, na vya kundi la pili vilipachikwa mwishoni kiambishi chenye sauti ya d au t, ambacho ndicho mzazi wa “-ed” ya leo. Mwanaisimu wa Ujerumani Jacob Grimm, ambaye kitabu chake kikubwa cha sarufi kilianza kutoka mwaka 1819, aliliita kundi la kwanza vitenzi vyenye nguvu na la pili vitenzi dhaifu, kwa kuwa vya kwanza vilijitosheleza kwa irabu zao na vya pili vilihitaji kuegemea kiambishi. Majina hayo yangali yanatumika, ingawa historia imeyakanusha, maana wenye nguvu ndio walioshindwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Nature ulifuatilia vitenzi 177 visivyofuata kanuni katika Kiingereza cha Kale ukakuta kwamba 145 viliendelea kuwa hivyo katika Kiingereza cha Kati, kilichofuata kile cha Kale, na 98 tu ndivyo vilivyobaki leo. Kitenzi “help”, ambacho zamani kilibadili irabu, sasa kinachukua “-ed” kama vingine. Kilichoamua nani abaki na nani aanguke ni wingi wa matumizi: kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu ya kingine husalimu amri kwa kanuni mara 10 haraka zaidi, na ndiyo sababu vitenzi vya kuwa, kwenda, kuja na kula, vinavyotajwa kila siku katika kila nyumba, vimebaki nje ya kanuni hiyo. Mkondo huo haukuwa wa upande mmoja, hata hivyo, kwa kuwa kitenzi “dig”, ambacho Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 bado inakiandika kwa kiambishi, baadaye kilijiunga na wanaobadili irabu kikawa “dug”.

Kiambishi “-ed” nacho hakikuwa kimya kama kilivyo leo. Kwa muda mrefu kilitamkwa kama silabi kamili, na ilipoanza kumezwa katika mazungumzo, mwandishi Jonathan Swift alilalamika katika pendekezo lake la mwaka 1712 la kuirekebisha lugha, akiona kwamba kuondoa irabu hiyo kunazigonganisha konsonanti na kuyafanya maneno yawe makavu masikioni. Malalamiko yake hayakuzuia lolote. Silabi hiyo imebaki tu pale ambapo mzizi unaishia kwa t au d, kama katika “wanted”, pamoja na vivumishi vichache.

Wakati maumbo yakipungua na kurahisishwa, maana zilikuwa zikitafuta mahali pa kukaa. Katika maelezo ya sarufi ni lazima kutofautisha njeo na hali: njeo husema tendo lilitokea lini, na hali husema tendo hilo lilikwenda vipi, kama lilimalizika, liliendelea, au lilikuwa mazoea. Kiingereza kilipokosa hali ya mazoea katika kitenzi chenyewe, kiliazima huduma ya vitenzi vingine. Cha kwanza kilikuwa kitenzi cha kutaka, ambacho umbo lake la wakati uliopita ndilo “would” ya leo. Tangu zama za Kiingereza cha Kale kilitumika pia kueleza mtu alilolifanya mara kwa mara, na njia ya maana hiyo ni rahisi kuifuata, kwa kuwa anachokitaka mtu kila siku ndicho atakachoonekana akikifanya kila siku. Cha pili kilikuwa kitenzi cha Kijerumaniki cha kukaa na kuzoea, ambacho masalia yake ni “wont”, neno lililotumika sana katika Kiingereza cha Kati na ambalo sasa husikika katika maandishi ya kifasihi tu.

Cha tatu ndicho kilichoshinda, nacho kilikuwa mgeni. Kitenzi “use” kiliingia kutoka Kifaransa baada ya utawala wa Wanormani, kikiwa na maana ya kutumia, na pia ya kufuata desturi au kuwa na mazoea ya jambo fulani, na kuanzia karne ya 14 kilianza kutangulia kitenzi kingine ili kuonyesha mazoea. Jambo ambalo msomaji wa leo hulishangaa ni kwamba hapo mwanzo kilifanya kazi hiyo katika wakati uliopo pia: katika tamthilia za Shakespeare mtu anaweza kusemwa kuwa ana desturi ya kufanya jambo kwa kitenzi hichohicho, bila wazo lolote kwamba desturi hiyo imekwisha. Baadaye matumizi ya wakati uliopo yalififia, yakabaki ya wakati uliopita peke yake, na kutokana na upweke huo “used to” ikapata kivuli cha maana ambacho haikuwa nacho, yaani kwamba jambo lililokuwapo sasa halipo. Matamshi yaliithibitisha talaka hiyo: “use” ya kutumia ina sauti ghuna ya z, lakini katika “used to” sauti hiyo imekuwa s kwa kuvutwa na t inayofuata, na d imemezwa kabisa, hata wasemaji wengi hawahisi tena kwamba maneno hayo ni ndugu. Kumezwa huko ndiko chanzo cha ubishi usiokwisha kuhusu ukanushi, maana anayeandika “didn’t use to” hufuata kanuni ya kitenzi kisaidizi, na anayeongeza d huandika kwa mazoea ya jicho, ilhali sikio halisikii tofauti yoyote.

“Would” na “used to” hazikugawana kazi sawasawa. Ya pili hueleza matendo na pia hali za kudumu, kama vile kumiliki duka au kuishi mji fulani, lakini “would” ya mazoea hukubali matendo yanayorudiwa tu, na huhitaji kwanza wakati unaozungumziwa uwe umekwisha kutajwa. Kwa sababu hiyo msimulizi mzuri wa Kiingereza hufungua kumbukumbu kwa “used to”, kisha huendelea kwa “would”, mpangilio ambao hakuna mwanasarufi aliyeubuni.

Wanasarufi, kwa kweli, walikuwa wakitazama Kilatini. Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyochapishwa, ya William Bullokar ya mwaka 1586, iliegemea kitabu cha Kilatini cha William Lily, na Kilatini kina njeo mahususi ya wakati uliopita usiotimizwa, ambayo hueleza mazoea na mwendelezo kwa kiambishi kimoja. John Wallis, mwanahisabati aliyechapisha sarufi yake mwaka 1653, alipinga kuibana lugha yake katika kalibu ya Kilatini, lakini sauti yake haikutawala shuleni. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na York na ambaye kitabu chake cha mwaka 1795 kilikuja kutumika kote katika ulimwengu wa Kiingereza, aliorodhesha njeo sita na kuuita wakati uliopita wa kawaida kwa jina hilo la Kilatini la kutotimia, ingawa umbo hilo mara nyingi hueleza tendo lililotimia kabisa. Ni masikitiko kwamba vizazi vya wanafunzi vilikariri jedwali lisilokuwa na nafasi ya umbo walilolitumia wao wenyewe kila jioni.

Nje ya vitabu hivyo wasemaji walikuwa na suluhisho zaidi. Katika kaunti za kusini-magharibi mwa Uingereza, ikiwemo Dorset, ambako kasisi na mshairi William Barnes aliandika sarufi ya lahaja yake mwaka 1863, “did” isiyotiwa mkazo hutangulia kitenzi katika sentensi yakinishi na kuonyesha kwamba tendo lilirudiwa. Nchini Ireland, ambako Kiairishi kina njeo kamili ya mazoea yaliyopita, wasemaji waliohamia Kiingereza walikijengea maumbo ya mazoea yasiyojulikana London.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hukutana na historia hii akiwa na mizigo yake mwenyewe. Kiswahili husema “alikuwa akienda” kwa mwendelezo na kwa mazoea pia, na anayeitafsiri sentensi hiyo moja kwa moja kuwa “was going” hueleweka kana kwamba anataja safari moja iliyokuwa ikiendelea, au jambo la muda mfupi, wakati aliyekusudia kusema desturi ya miaka mingi alipaswa kusema “used to go”. Ugumu huongezeka anapokuta “is used to”, ambayo ni hali ya kuzoea kitu na hufuatwa na nomino au kitenzi chenye “-ing”. Kwa mazoea ya sasa, ambayo Kiswahili huyasema kwa kiambishi awali hu- peke yake, Kiingereza, kilichoacha kutumia “use to” ya wakati uliopo, hutumia kitenzi cha kawaida pamoja na kielezi kama “usually”, na kielezi hicho asili yake ni Kilatini kilekile kilicholeta “use” kupitia Kifaransa.