Homa Iliyowachukua Wenye Nguvu

Ukishikwa na homa hapa Mitunguu, utaambiwa unywe chai ya tangawizi kisha urudi shambani ukate ndizi. Homa hatuihesabu kama ugonjwa, hasa kwa kijana.

Lakini Septemba 1918 homa iliingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa, ikapanda bara na gari la moshi. Inakadiriwa kuwa kufikia Machi 1919 ilikuwa imeua watu wapatao 150,000. Ulikuwa wakati wa vita. Wanaume wengi, wa Meru wakiwemo, walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Mtaa wa Kariokor kule Nairobi bado unabeba jina la kikosi chao.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo haya nimeyasoma kivyangu. Kilichonishtua ni umri. Kote duniani homa ile iliua sana watu wa miaka 20 hadi 40. Rika langu.

Jibu lilikuja polepole. Mwaka wa 1957, jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba seli ikiguswa na virusi vya homa hutoa kitu cha kuonya seli jirani. Wakakiita interferoni. Hii ni sehemu ya kinga tunayozaliwa nayo. Haingoji kumjua adui: ndani ya saa chache inapiga kamsa, inaita seli zinazomeza virusi, inapandisha joto la mwili. Ile kinga nyingine, inayotengeneza silaha za adui mmoja maalum, huchukua siku kadhaa kujipanga.

Mwaka wa 2005 wanasayansi wa Marekani waliviunda upya virusi vya 1918. Miaka miwili baadaye vikajaribiwa kwa kima kule Kanada. Kamsa ya interferoni ilivurugwa mapema, halafu kinga ikaja kwa fujo na haikutulia. Mapafu yakajaa majimaji. Dawa ya moto ni moto, sawa, lakini hapa nyumba nayo iliungua.

Hiyo si sababu pekee. Wengi walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata, na wakati huo hakukuwa na antibiotiki.

Basi kijana akianza kupumua kwa shida, tusimwambie, "Wewe una nguvu, itaisha." Apelekwe hospitali. Wale wa 1918 pia walikuwa na nguvu.