Foleni ya Madaktari wa Kigeni Marekani Ilianzia Wapi?

Tuanze na mfano. Madaktari wawili wanafanya kazi katika hospitali moja ndogo North Dakota, kaskazini mwa Marekani, kwenye baridi kali na mbali na miji mikubwa, mahali ambapo madaktari wazawa wengi hawapendi kwenda. Wana ubingwa uleule, zamu zilezile, na wameomba ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, siku moja. Mmoja kazaliwa Dar es Salaam, mwingine Hyderabad, India. Wa Dar anaweza kupata kadi yake ndani ya miaka michache. Wa Hyderabad anaweza kupitisha miaka kumi na bado yumo kwenye foleni.

Mbona? Wengi watakwambia ni urasimu: makarani wazembe, mafaili yamelala mezani. Urasimu upo, lakini hapa sio kiini. Hata wakiajiriwa makarani elfu kumi kesho asubuhi, foleni hii itabaki palepale, kwa sababu imetokana na hesabu iliyoandikwa ndani ya sheria. Na hesabu hiyo ina historia.

Saini mbili za mwaka 1965

Tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alisaini sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya afya ya wazee. Mamilioni ya watu waliokuwa wakiogopa gharama za hospitali sasa wangeweza kwenda. Ila wa kuwatibu wangetoka wapi?

Miezi miwili baadaye, tarehe 3 Oktoba, Johnson alikaa chini ya Sanamu ya Uhuru pale New York akasaini sheria nyingine, ya uhamiaji. Ili uone uzito wake, rudi nyuma kidogo. Sheria ya 1924 iligawa nafasi kwa asili ya taifa: kila nchi ilipewa asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa Marekani katika sensa ya 1890, na Waasia karibu wote walifungiwa mlango. Wahindi walipokuja kufunguliwa mwaka 1946, walipewa nafasi 100 kwa mwaka. Ndiyo, mia moja, kwa nchi nzima.

Sheria ya 1965 ilifuta mgawo huo na kuwapa kipaumbele wenye taaluma, madaktari wakiwemo. Kwa nchi za Ulaya, Asia na Afrika, kila nchi iliwekewa kikomo kimoja: watu 20,000 kwa mwaka. Kikumbuke hicho kikomo. Wakati ule kilionekana haki tupu, kwa sababu Uingereza na India sasa zilipimwa kwa kipimo kimoja. Madaktari kutoka India, Ufilipino na Korea Kusini wakaanza kuingia kwa wingi.

Mlango ukafungwa, dirisha likafunguliwa

Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilitamka kisheria kwamba upungufu wa madaktari umekwisha, likaondoa kipaumbele kile. Tatizo ni kwamba madaktari walikuwa wamejaa mijini. Vijijini hali ilikuwa ileile.

Madaktari wa kigeni waliendelea kuja kwa njia nyingine: viza ya mabadilishano, J-1, ya kusomea ubingwa. Viza hiyo ina sharti lenye mizizi kwenye sheria ya 1956: ukimaliza, urudi kwenu miaka miwili kabla ya kuomba kuhamia. Lengo lake lilikuwa zuri, ujuzi urudi ulikotoka. Sisi tunaotoka nchi zenye upungufu wa madaktari tunalielewa bila kufafanuliwa.

Lakini nani angebaki na wagonjwa wa vijijini Marekani? Ukitaka picha ya miaka hiyo, tafuta kitabu cha Abraham Verghese, *My Own Country*, cha 1994. Verghese alizaliwa Addis Ababa kwa wazazi Wahindi, akawa daktari wa magonjwa ya kuambukiza Johnson City, Tennessee, wakati UKIMWI unaanza kufika kwenye miji midogo. Kinaonyesha jinsi hospitali za namna hiyo zilivyowategemea madaktari waliotoka mbali.

Mwaka huohuo wa 1994, Seneta Kent Conrad wa North Dakota alipitisha mpango ulioruhusu kila jimbo kuwaombea madaktari 20 kwa mwaka msamaha wa sharti la kurudi. Masharti: daktari afanye kazi miaka mitatu kwenye eneo lenye uhaba wa huduma. Mwaka 2002 idadi ikapanda hadi 30, ndiyo maana mpango unaitwa Conrad 30. Mwaka 1999 ikaja njia nyingine: daktari anayekubali kutumikia maeneo hayo miaka mitano anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa hoja kwamba kazi yake ina maslahi kwa taifa.

Kwa hiyo mwaliko ulikuwepo, tena kwa maandishi. Kasoro ilikuwa kwamba sheria hizi zilimfikisha daktari mlangoni tu. Nafasi ya kuingia ilihesabiwa na sheria nyingine.

Hesabu ya asilimia 7

Sheria hiyo ni ya 1990. Ilitenga nafasi 140,000 za ukaazi kwa mwaka kwa ajili ya kazi, na kusema nchi moja isichukue zaidi ya asilimia 7. Ni mtoto wa kile kikomo cha 1965.

Sasa chukua kalamu. Madaktari wengi huomba katika kundi la pili la wenye taaluma, linalopata takriban nafasi 40,000. Asilimia 7 yake ni 2,800. Mke au mume na watoto nao wanahesabiwa humohumo, kwa hiyo familia ya watu wanne inakula nafasi nne. Zinabaki familia 700 kwa India nzima, na daktari anagombania nafasi hizo na wahandisi wa kompyuta. Nafasi zisizotumiwa na nchi nyingine zinaweza kuangukia walio mbele kwenye foleni, lakini hazitoshi kuimaliza. Mwaka 2024, Wahindi wa kundi hili waliokuwa wakifikiwa ni wale walioomba mwaka 2012.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi: kinachohesabiwa ni nchi uliyozaliwa, sio uraia wako. Mtu mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Mombasa au Zanzibar anasimama kwenye foleni ya Kenya au Tanzania. Aliyezaliwa Hyderabad, hata akichukua uraia wa Kenya, anabaki foleni ya India. Isipokuwa akioa mwanamke aliyezaliwa Mombasa: sheria inamruhusu kutumia nchi ya mwenzi wake. Yaani cheti cha kuzaliwa cha mke kinaweza kumvusha haraka kuliko miaka mitano ya zamu za usiku.

Bili anailipa nani?

Anayesubiri kwa kawaida anaishi kwa viza ya kazi, H-1B, iliyofungwa kwa mwajiri. Sheria ya 2000 inamruhusu kuiongeza muda kupita ile miaka sita ya kawaida, ila bado ni ya muda. Akifa, mke na watoto wanaweza kupoteza msingi wa ukaazi wao. Mtoto aliyeletwa akiwa na miaka mitano akifika 21 huweza kutolewa kwenye ombi la wazazi, kwa kuwa kisheria sio mtoto tena. Iko sheria ya 2002 inayopunguza makali hayo, lakini foleni ya zaidi ya miaka kumi inaishinda.

Mwaka 2020 Korona ilianika hali hii hadharani. Kwa kuwa kibali kinamfunga daktari kwa mwajiri na mahali pa kazi, hakuweza kuamka tu akaenda kusaidia hospitali iliyozidiwa. Wabunge wakapendekeza kuchukua nafasi 40,000 ambazo hazikutumika miaka ya nyuma: 15,000 kwa madaktari, 25,000 kwa wauguzi. Muswada haukupita.

Pengine unajiuliza, sasa sisi tuwahurumie kwa lipi? Kila msamaha wa Conrad ni daktari ambaye hakurudi kwao, na vijiji vya India vina wagonjwa pia. Hoja hiyo ni nzito, na sharti la 1956 lilitungwa kwa ajili yake. Lakini foleni haimrudishi daktari kwao. Inamwacha katikati: kazi anafanya, kodi analipa, na mizizi hawezi kuotesha.

Turudi kwa daktari wetu wa Hyderabad. Jimbo lilimwita kwa sababu ni daktari. Foleni inamhesabu kwa sababu ya mji aliozaliwa. Aliomba wakati bintiye anaanza shule ya msingi, na sasa binti anaomba chuo. Miaka mitatu aliyoahidi ilikwisha zamani, na kesho asubuhi bado ana wagonjwa wa kuwaona.