Nangani Usiku Katika Pwani ya Pemba

Konde ni mji wa bara, lakini bahari haiko mbali nao. Ukishika njia ya magharibi wapita msitu wa Ngezi hata Ras Kigomasha, ncha ya Pemba ya kaskazini. Baharia aliye peke yake katika ngalawa, akitoka hapo kushuka kusini, hana haja ya bandari kubwa. Pwani imekatwakatwa na hori za mikoko, na mbele yake vimesimama visiwa, Njao na Fundo na vinginevyo, na baina yao ni milango myembamba. Jua likichwa huingia mlango mmojawapo, akatia nanga nyuma ya kisiwa, akalala. Nje ya visiwa mambo ni mengine: mlango wa bahari baina ya Pemba na Mrima ni maili 30 hivi, na kilindi chake mamia ya mita, hapana nanga ifikayo chini. Tena maji hukimbilia kaskazini, hata asinziaye na shikio mkononi huamkia asipopadhania.

Maficho hayo mema yalitumiwa pia kwa uovu. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasichukuliwe baharini, na soko la Unguja likafungwa. Lakini mwaka mmoja kabla yake, 1872, tufani kubwa ilikuwa imeiangusha mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika. Basi bei ya karafuu ikapanda, mashamba ya Pemba yakaongezwa, na mikono ya kuchuma ikatakiwa zaidi wakati ule ule ilipokatazwa kuletwa. Mimi naona hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Majahazi yakavuka usiku kutoka Mrima, watu wamesongamana ndani, na kabla ya alfajiri yamekwisha ingia horini.

Manowari ya Kiingereza, London, ilikaa nangani Unguja tangu 1874, ikapeleka mashua zake Pemba kulinda. Mabaharia wachache na afisa mmoja walikaa majuma mazima katika mashua iliyo wazi, kwa mvua na mbu na homa, wakisikiliza mlio wa foromani gizani. Mara nyingi chombo kilichopita kilikuwa cha samaki tu.

Tarehe 3 Desemba 1881, mchana kweupe, Kapteni Brownrigg wa London, katika mashua ya moshi iitwayo Wave, alikaribia jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Chombo cha bendera ile hakikuruhusiwa kupekuliwa. Yeye alitaka kuona hati tu. Watu wa jahazi wakapiga bunduki, wakairukia mashua. Brownrigg alipigana hata akaanguka, na baadhi ya watu wake wakauawa. Jahazi lilikuwa limejaa watumwa. Nahodha wake, Hindi bin Hattam, alifuatwa Pemba na askari wa Sayyid chini ya Lloyd Mathews, akakamatwa na majeraha, akafa.

Maneno ya bendera yaliendelea hata 1905, Baraza la Hague lilipoiwekea Ufaransa mipaka juu ya vyombo vya raia wa Maskati. Kwa Unguja na Pemba amri ya kuondoa utumwa ilikwisha tolewa 1897, na Sayyid Hamoud bin Mohammed, ingawa masuria hawakuingizwa hata 1909. Katika Ras Kigomasha ukasimamishwa mnara wa taa mwaka 1900, na chombo kitokacho kaskazini usiku kikapata alama ya kukijulia kisiwa kabla ya kutafuta mlango wa kutilia nanga.