Kuchaji, Kusharje, Okucaajinga

Vitenzi vya Kiitalia huishia kwa -are, -ere au -ire, lakini vile vinavyochukuliwa leo kutoka Kiingereza karibu vyote hupewa -are: cliccare, postare, taggare, chattare. Kisha hufuata kanuni zilezile za cantare, yaani kuimba. Mimi nabofya ni clicco, wewe wabofya ni clicchi; hiyo h imeongezwa ili sauti ya k isipotee. Vitenzi vikaidi kama andare na fare havikuigwa. Mgeni hupitishwa njia iliyonyooka kuliko zote.

Nakivale, nchini Uganda, njia ni zaidi ya moja. Makazi haya ya wakimbizi wilayani Isingiro yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Simu ikizima, aliyezoea Kiswahili cha Kenya au Tanzania huomba kuchaji. Aliyetoka Goma au Bukavu husema kusharje, kwa kuwa neno limemfikia kwa Kifaransa. Sokoni mjini Mbarara, kwa Kiganda, ni okucaajinga: ile -ing ya Kiingereza imemezwa nzima, ikaishia kwa -nga kama okusinga, kitenzi cha Kiganda chenyewe.

Kuchaji ndicho kinachonivutia zaidi. Soma hugeuka kuwa sisomi, lakini chaji hubaki sichaji. Nisome, lakini nichaji. Irabu ya mwisho haitikisiki. Utaratibu huo Kiswahili kilikuwa nao kabla ya Kiingereza kufika, kwa vitenzi vya Kiarabu: asafiri, sijibu, sisamehe. Kiingereza kimekuta nafasi tayari.

Sasa mwambie mwenye kibanda, "Kaka, nichajie simu." Hapo -e imerudi! Kitenzi kikishapata kiambishi cha kutendea, kutendesha au kutendwa, ugeni wake unaisha: imechajiwa, haichajiwi, kama vile safiri inavyozaa asafirishe na hasafirishi. Kiitalia humpokea mgeni mzima mara moja, mlangoni. Kiswahili humpokea kwa awamu, na uraia kamili hupatikana kwenye mnyambuliko.

Kwa hiyo siwaungi mkono walimu wanaokiita Kiswahili cha Nakivale kibovu kwa sababu ya maneno haya. Kijana anayesema "haijachajiwa" amepanga ukanushi, ngeli, wakati na kauli ya kutendwa katika neno moja, bila kukosea hata silabi.