Mraba Uliokosa Kona

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, jijini London, kimehifadhiwa kibao cha udongo chenye namba BM 13901. Kiliandikwa katika nchi ya Babeli yapata miaka 3,700 iliyopita, na ndani yake mna maswali 24 ya hesabu. La kwanza, kwa maneno yetu, linasema: nimejumlisha eneo la mraba na upande wake, nikapata robo tatu. Upande ni kiasi gani? Jibu ni nusu. Hatua za kulifikia zimepangwa moja baada ya nyingine, na ndizo hizo mwanafunzi wa sekondari anazozifuata leo anapokamilisha mraba.

Lakini ni mkulima gani aliyewahi kujumlisha eneo la shamba na urefu wa upande wake? Makarani wa Babeli walikuwa na kazi za kweli za kupima mashamba na kukadiria udongo wa kuchimba mifereji, ila swali hili lilitungwa kunoa akili za wanaojifunza. Manung'uniko kwamba maswali ya milinganyo ya kipeo cha pili hayafanani na maisha yana asili ya mbali sana.

Aliyesogeza hesabu hizi karibu na watu ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Katika utangulizi wa kitabu chake cha al-jabr, yaani aljebra, alieleza kwamba anaandika yale ambayo watu huyahitaji katika mirathi, wasia, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Maswali ya wasia yamejaza sehemu kubwa ya kitabu. Hayo hayahitaji kipeo cha pili, lakini yanaonyesha nia ya mwandishi: hesabu imfae mtu mwenye shida mkononi.

Swali lake mashuhuri tunaweza kulivika hali halisi. Kitalu cha mboga kina urefu unaozidi upana kwa mita 10, na eneo lake ni mita za mraba 39. Upana ni mita ngapi? Al-Khwarizmi hakuwa na herufi x wala alama ya kujumlisha, kila kitu alikieleza kwa maneno na mchoro. Chora mraba ambao upande wake ni upana usiojulikana. Zile mita 10 zigawe mara mbili, kisha ubandike kipande cha upana wa mita 5 ubavuni na kingine chini. Eneo bado ni 39, lakini umbo limekosa kona. Kona hiyo ni 5 mara 5, yaani 25. Ijaze, upate mraba kamili wa 64, ambao upande wake ni 8. Ondoa 5, zinabaki 3. Kitalu ni mita 3 kwa 13.

Kanuni ndefu ya milinganyo ya kipeo cha pili ambayo wanafunzi huikariri ni mchoro huo huo ulioandikwa kwa herufi. Jibu la pili, hasi 13, al-Khwarizmi hakulitaja, maana hakuna upande ulio chini ya sifuri. Ila huko India, mwanahisabati Brahmagupta alikuwa ameshaweka sheria za namba hasi mwaka 628. Kwa upande wa Ulaya, mwaka 1145 mtafsiri Robert wa Chester alikitafsiri kitabu cha al-Khwarizmi kwa Kilatini akiwa Segovia, Uhispania.

Kisha mwanasayansi wa Italia, Galileo, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1638, alionyesha kwamba umbali wa kitu kinachoanguka hukua kwa kipeo cha pili cha muda. Hapo milinganyo hii ikatoka shambani ikaingia kwenye mwendo. Gari nalo hufuata sheria ya namna hiyo: ukizidisha mwendo mara mbili, umbali linaoburuzika baada ya kukanyaga breki huwa mara nne. Ndiyo maana wachunguzi wa ajali hupima alama za tairi barabarani ili kukadiria mwendo wa dereva.

Walimu wa hisabati, nawasihi: kabla ya kuandika kanuni ubaoni, choreni mraba wa Baghdad, na mwacheni mwanafunzi aijaze kona yeye mwenyewe.