King Kong ilipofunga jukwaa, nani alirudi nyumbani?

Juzi usiku nimeirudia Sarafina. Filamu hii niliirithi kwa kaka zangu, enzi za kanda za video, wao wakiimba nyimbo zake kwa Kizulu cha kubuni na mimi nikifuatisha bila kuelewa neno. Safari hii sikuwatazama wanafunzi, wala Whoopi Goldberg. Nilimtazama mama yake Sarafina, yule mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya Wazungu. Binti yake anamlaumu kwa unyonge wake, kisha baadaye anarudi kumwambia kwamba shujaa ni yeye.

Yule mama ni Miriam Makeba. Ndiyo, huyo huyo aliyeibeba Malaika yetu hadi Marekani.

Nikajiuliza Makeba alifikaje pale. Nikaanza kufukua, na nikajikuta nimerudi hadi mwaka 1959, kwenye mchezo wa jukwaani ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia. Na tukilisikia jina lake tunafikiria lile sokwe la sinema! Mchezo uliitwa King Kong. Leo nataka niongelee kilichoupata baada ya ziara yake kwisha, maana kwa maoni yangu hapo ndipo utamu na uchungu wa habari hii ulipo.

Kwanza, King Kong alikuwa nani? Lilikuwa jina la ulingoni la Ezekiel Dlamini, bondia wa uzito wa juu aliyevuma katika vitongoji vya Johannesburg miaka ya 1950. Alikuwa na nguvu, majivuno na vituko vingi, na watu walimpenda. Lakini ubaguzi wa rangi ulimwekea dari: bondia mweusi hakuruhusiwa kupigana na Mzungu hapo nyumbani. Dlamini akaharibikiwa. Mwaka 1956 alimuua mpenzi wake. Mahakamani aliomba anyongwe, akapewa kifungo cha miaka mingi badala yake, na mwaka 1957 akafa maji kwenye bwawa la gereza. Watu walisema alijiua.

Aliyeigeuza habari hiyo kuwa muziki ni Todd Matshikiza, na hapa naomba mniruhusu nijivune kidogo, maana alikuwa mwandishi wa habari. Aliandika katika jarida la Drum, lile lililokuwa pia na toleo lake la Afrika Mashariki. Mhariri wake wa zamani, Anthony Sampson, alisema Todd aliishambulia taipureta kana kwamba ni piano. Na piano yenyewe aliijua vizuri sana. Hadithi iliandikwa na Harry Bloom, maneno ya nyimbo mengi yakawa ya Pat Williams, na mwongozaji akawa Leon Gluckman. Hao watatu walikuwa Wazungu. Waigizaji na wapigaji karibu wote walikuwa weusi.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Februari 1959 katika ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Ukumbi wa chuo haukuchaguliwa kwa bahati. Kumbi za vyuo vikuu zilikuwa kati ya sehemu chache ambako weusi na weupe waliweza kukaa chini ya paa moja kutazama kitu kimoja. Nelson Mandela alikuwepo usiku huo wa kwanza, huku kesi yake ya uhaini ikiendelea. Jukwaani, Nathan Mdledle wa kundi la Manhattan Brothers alikuwa bondia, na Makeba alikuwa Joyce, mwenye kilabu cha pombe. Kwenye bendi alikuwepo kijana wa miaka 19 aliyeitwa Hugh Masekela na tarumbeta lake, na Jonas Gwangwa na tromboni yake.

Mchezo ukazunguka Afrika Kusini. Inakadiriwa waliuona watu laki mbili hivi. Kisha ikaja habari kubwa: London inautaka.

Hapo katikati nchi ikabadilika. Machi 1960 polisi waliua watu 69 pale Sharpeville, na vyama vya ukombozi vikapigwa marufuku. Kwa hiyo waigizaji walipopata pasipoti na kupanda ndege mwanzoni mwa 1961, kilichokuwa ziara kwenye karatasi kilikuwa mlango wa kutokea mioyoni mwa wengi wao. Mchezo ulifunguliwa London Februari 1961 katika ukumbi wa Princes, unaoitwa Shaftesbury siku hizi, ukachezwa kwa miezi kadhaa na kufungwa mwaka huo huo. Yalikuwepo matumaini ya kuvuka hadi Broadway. Haikuwa.

Sasa basi, ziara imekwisha. Nguo zimekunjwa, taa zimezimwa. Nani anarudi nyumbani?

Makeba hakuwepo hata London. Aliondoka Afrika Kusini mwaka 1959 kufuata filamu ya Come Back, Africa aliyoimba ndani yake, na nafasi ya Joyce ikachukuliwa na Peggy Phango. Mwaka 1960 mama yake alifariki. Alipotaka kurudi kumzika, aliambiwa pasipoti yake imefutwa. Hakuikanyaga tena ardhi ya kwao hadi 1990.

Masekela naye aliondoka 1960 kwenda kusoma muziki nje. Gwangwa alitoka na mchezo, kisha akaelekea Marekani. Peggy Phango alibaki Uingereza. Manhattan Brothers, kundi lililotamba Afrika Kusini kwa miaka mingi, likahamia London, na vijana wa Soweto waliozaliwa baadaye hawakuwahi kuliona jukwaani.

Hata aliyebuni mandhari ya jukwaa ana kisa chake. Arthur Goldreich, mchoraji, ndiye aliyekuwa akiishi kwenye shamba la Rivonia ambako viongozi wa ANC walikamatwa mwaka 1963. Naye alikamatwa, akatoroka rumande, akavuka mpaka amevaa kama kasisi, na safari hiyo ya kukimbia ikamfikisha Dar es Salaam. Mtu aliyepaka rangi kuta za kilabu cha jukwaani alitua kwetu kama mkimbizi anayesakwa na Makaburu.

Lakini anayeniuma zaidi ni Todd. Yeye na familia yake walihamia London mwaka 1960. Alipoona toleo la London, muziki wake ulikuwa umeshapitia mikononi mwa watu wengine, umenyooshwa upate kupendeza masikio ya huko, na aliandika kwa uchungu juu ya jambo hilo. London haikumpa kazi ya muziki aliyoitegemea. Mwaka 1964 akahamia Zambia iliyokuwa inapata uhuru wake, akafanya kazi redioni. Alifariki Lusaka mwaka 1968, hajatimiza miaka 50. Mtunzi wa muziki wa mchezo ule hakuuona ukirudi kwao.

Na kwao kwenyewe je? Mwaka 1965 serikali ilikaza kamba, na kumbi zenye watazamaji mchanganyiko zikafungwa kisheria. Kumbi za namna ile ya 1959 zikawa hazipo. King Kong haikuwa na filamu yake. Zilibaki santuri mbili, moja ya waigizaji wa Johannesburg na nyingine ya wale wa London, pamoja na maandishi ya mchezo yaliyochapishwa kama kitabu. Mwaka 1979 walijaribu kuurudisha jukwaani. Ukaanguka. Ilibidi usubiri hadi 2017, ulipochezwa upya katika ukumbi wa Fugard, Cape Town, kisha Johannesburg. Miaka 58 tangu usiku wa kwanza! Na ukumbi huo wa Fugard nao ulifunga milango kabisa mwaka 2021.

Ukiishia hapo utasema mchezo ulikufa London, na ule wa 2017 ni kumbukumbu tu. Nami nilikuwa nimeshafika kwenye hitimisho hilo, mpaka nilipofuatilia upande wa pili.

King Kong ilisimamiwa na chama cha wasanii kilichokuwa na makao yake katika jengo la Dorkay House, Johannesburg. Katika mazingira hayo hayo ndipo alipojitokeza Gibson Kente. Kente aliona kwamba hadithi za vitongoji zinaweza kuimbwa na kujaza ukumbi, lakini akafanya jambo ambalo King Kong haikulifanya: aliubeba mchezo kuupeleka kwa wenyewe. Tangu miaka ya 1960 michezo yake ilizunguka kitongoji hadi kitongoji, kwenye kumbi za jumuiya zisizo na taa za maana, na watu wa kawaida wakalipa kiingilio. Hakuwategemea watazamaji wa chuo kikuu wala London.

Kwenye kundi la Kente alipita kijana wa Kizulu aitwaye Mbongeni Ngema. Ngema alipotoka hapo alitengeneza Woza Albert! pamoja na Percy Mtwa na Barney Simon mwaka 1981, na mwaka 1987 akafungua mchezo mwingine katika ukumbi wa Market, Johannesburg, juu ya wanafunzi wa Soweto na Juni 1976. Mchezo huo ni Sarafina! Ulikwenda New York mwaka ule ule, ukaingia Broadway Januari 1988, ukachezwa huko mara 597. Broadway ambayo King Kong iliikosa.

Na muziki Ngema aliutunga pamoja na nani? Na Hugh Masekela. Yule kijana wa tarumbeta wa 1959.

Ziara ya Sarafina! ilipokwisha, haikupata balaa lile la King Kong, kwa sababu mwaka 1992 ilitoka filamu. Filamu ndiyo iliyotufikia sisi. Na walipotafuta mama wa kumwigiza mama yake Sarafina, akachukuliwa Makeba, Joyce wa kilabu, aliyekwisha kurudi kwao baada ya miaka zaidi ya 30. King Kong ilikuwa imerejea nyumbani kwa mlango wa nyuma, tena ikiwa na jina la mtu mwingine.

Sitaki muone kama nasema kila kitu kiliisha vizuri. Ngema mwenyewe alijaribu kuipa Sarafina! mwendelezo. Wizara ya afya ya Afrika Kusini ilitoa zaidi ya randi milioni 14 kwa Sarafina II, mchezo wa kufundisha juu ya UKIMWI. Mwaka 1996 ikawa kashfa ya taifa, uchunguzi ukaonyesha taratibu za zabuni zilivyokiukwa, na mchezo ukasimamishwa. Jina lilikuwepo, fedha zilikuwepo kuliko wakati wowote, na bado haikuwa kitu.

Mimi ninachokiona ni hiki. Tunapouliza mchezo utaishije baada ya ziara, huwa tunafikiria kuurudia: waigizaji wapya, nguo mpya, ukumbi ule ule. King Kong ilirudiwa mara mbili, mara ya kwanza ikaanguka, mara ya pili ikachelewa. Uhai wake halisi ulikuwa ndani ya watu waliojifunza kazi pale, na ndani ya yule aliyeutazama akasema mimi nitaupeleka mtaani. Bei yake ndiyo inayoniuma. Ziara iliyowapa jina wasanii wale iliinyang'anya nchi yao sauti zao kwa miaka 30, na wengine, kama Todd, hawakurudi kabisa.

Makeba alifariki Novemba 2008 nchini Italia, muda mfupi baada ya kushuka jukwaani. Masekela alifariki tarehe 23 Januari 2018. Gwangwa alimfuata tarehe ile ile, 23 Januari, mwaka 2021. Ngema alikufa kwa ajali ya gari Desemba 2023.

Mkiirudia Sarafina, msiruke zile sehemu za mama. Mtazameni vizuri. Yule mwanamke aliwahi kuwa mwenye kilabu kwenye jukwaa la Johannesburg, na kati ya kilabu kile na jiko lile la Wazungu kuna miaka 33.